Kahoot!, Google Forms, Plickers au Kolibri: jaribio lipi litamfikia kila mtoto darasani?

Mwaka jana niliazima vishikwambi kwa walimu wenzangu watano, vilevile tulivyogawiwa baada ya kutumika kwenye Sensa ya 2022. Nikaongeza na changu, vikawa sita. Darasa langu la Sita lina watoto 58, kwa hiyo nikawagawa makundi sita ya tisa au kumi, nikafunga projekta, nikawasha Kahoot!, mchezo wa maswali wa mtandaoni, kwa mara ya kwanza. Shangwe zilisikika hadi ofisini.

Mstari wa mbele alikaa binti mwenye ualbino. Haoni mbali, na akisoma husogeza daftari mpaka likaribie kugusa pua. Siku ile maandishi yalikuwa ukutani na mwanga wa dirishani ulikuwa umeyafifisha. Nilimwona akikunja uso, akitamka neno moja moja kwa sauti ya chini, na kila alipolifikia jibu la pili muda ulikuwa umekwisha. Kishikwambi cha kundi lake alikishika mvulana mwenye vidole vyepesi, naye hakumsubiri mtu. Kesho yake nilimwita, nikamsomea lile swali la usanisinuru kwa mdomo. Alinieleza maji, mwanga wa jua, hewa ya ukaa na kazi ya ile rangi ya kijani ya jani, bila kukosea popote.

Alikuwa anajua. Jaribio langu ndilo ambalo halikumfikia.

Tangu hapo nimejaribu mifumo minne ya kutungia majaribio ya kidijitali, na naiweka hapa kwa ajili ya mwalimu aliyekwama pale nilipokwama mimi. Sitataja mshindi, kwa sababu shule yenye maabara ya kompyuta na shule yenye simu moja ya mwalimu haziwezi kupewa ushauri uleule.

Vigezo nilivyotumia

Kila mfumo nimeupima kwa mambo matano.

*Vifaa na bando.* Vinahitajika vifaa vingapi, na ni nani anayehitaji mtandao?

*Muda.* Je, mtoto anayesoma polepole anaweza kumaliza? Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kama mtihani wa taifa unalikubali hilo, sioni sababu ya zoezi la darasani kulikataa.

*Kulipata swali.* Asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, na yule ambaye kusoma kwenyewe bado ni mlima, kila mmoja analipataje swali?

*Kujibu.* Kubonyeza, kuandika au kuinua kadi: nani ataweza na nani atashindwa?

*Faragha.* Kosa la mtoto linaonwa na nani? Hiki nakipa uzito mkubwa. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa jibu lake hujifunza kukaa kimya, na ukimya wake hautakuambia chochote kuhusu anachokijua.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Kumrahisishia mtoto njia ya kulipata swali si kumpunguzia ugumu wa swali. Ukipima usanisinuru, basi kasi ya macho haimo kwenye mada, iondoe. Lakini ukipima kusoma kwa ufasaha, ukamsomea swali, utakuwa umempa jibu. Jiulize kwanza unapima nini.

Kahoot!

Ulianza Norway, ukazinduliwa mwaka 2013, na sehemu ya mizizi yake ni utafiti wa chuo kikuu cha NTNU cha Trondheim. Ndio unaopendwa kuliko yote na watoto, na upendo huo si kitu kidogo. Darasa lililochoka saa nane mchana huamka.

*Vifaa na bando.* Inahitajika projekta au skrini kubwa mbele, na kifaa kwa kila mwanafunzi au kila kundi, vyote vikiwa mtandaoni. Mtandao ukiyumba katikati ya swali, kundi moja linabaki nyuma. Toleo la bure lina mipaka ya idadi ya washiriki, nayo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo iangalie kabla hujaliahidi darasa.

*Muda.* Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Kwa kawaida maksi huhesabiwa kwa jibu sahihi pamoja na kasi. Swali la sekunde 20 lenye maksi 1000: anayejibu sahihi ndani ya sekunde 4 hupata 900, anayejibu sahihi sekunde ya 18 hupata 550. Wote wawili wanajua sawa. Wa tatu, ambaye angejibu sekunde ya 22, anatoka kapa. Ukichukua nyongeza ya Baraza kwa Hisabati, sekunde 20 zingekuwa karibu 27, lakini kwenye mchezo wa moja kwa moja huwezi kumwongezea mtoto mmoja peke yake. Unaongeza kwa wote au huongezi. Dawa ipo: swali linaweza kupewa hadi dakika 4, na unaweza kuliweka lisiwe na maksi kabisa. Pia jaribio linaweza kutolewa kama kazi ya kufanya kwa wakati wa mtoto mwenyewe, na hapo saa unaizima.

*Kulipata swali.* Mfumo unalazimisha swali fupi, lisilozidi herufi 120, na hilo ni msaada mkubwa kwa msomaji wa polepole. Majibu hutofautishwa kwa rangi na pia kwa maumbo: pembetatu, umbo la almasi, duara na mraba. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hapotei. Kwa mwenye uoni hafifu, ingia kwenye mipangilio uruhusu swali na majibu vionekane kwenye kifaa chake, siyo ukutani tu. Mimi sikujua siku ile. Kiziwi anafuatilia vizuri maana kila kitu kimeandikwa, na muziki hauna cha kumkosesha.

*Kujibu.* Kugusa kitufe kikubwa. Rahisi kwa wengi, isipokuwa mtoto ambaye mikono yake hutetemeka na saa inamkimbiza.

*Faragha.* Majina ya wanaoongoza hutokea mbele ya darasa zima baada ya kila swali. Wa mwisho hawatajwi, lakini wanajijua, na jirani zao wanawajua. Tumia majina ya makundi, tena majina ya kubuni.

*Unamfaa* mwalimu anayetaka kufungua mada au kufanya marudio kwa furaha, mwenye vifaa vya kutosha. Kwa maksi zitakazoingia kwenye rekodi ya upimaji endelevu, mimi nisingeutumia bila kuzima kasi.

Google Forms

Wengi wetu tunaijua kama fomu ya kukusanya majina ya semina. Tangu 2016 inaweza kugeuzwa kuwa jaribio linalojisahihisha, na kwa upande wa kuwafikia watoto wenye ulemavu imeniridhisha kuliko nilivyotarajia.

*Vifaa na bando.* Kila anayejibu anahitaji kifaa chenye kivinjari na mtandao. Si lazima wote wajibu kwa wakati mmoja. Kwa vishikwambi sita na watoto 58 nilipiga raundi kumi za dakika nane nane: dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40. Wengine walikuwa na kazi ya kuchora mmea wakati wanasubiri zamu. Inachosha, lakini inawezekana. Fomu ya maneno matupu haili bando sana. Ukiweka video, hesabu nyingine.

*Muda.* Fomu haina saa. Kwa jaribio la kawaida hiyo ni neema: kila mtoto anakwenda kwa mwendo wake, na nyongeza ya muda haimhitaji mtu aombe ruhusa mbele ya wenzake.

*Kulipata swali.* Fomu inasomeka vizuri na programu za kusoma skrini. Kwenye simu za Android ipo TalkBack, na sauti ya Kiswahili inapatikana. Kwenye kompyuta ipo NVDA, ya bure, iliyoanza Australia mwaka 2006, nayo husoma Kiswahili kwa sauti ya kimashine ambayo mtoto huizoea baada ya siku chache. Nilikaa na kijana asiyeona wa shule jirani akifanya fomu yangu. Anatelezesha kidole kulia, simu inasoma jibu la kwanza. Anatelezesha tena, la pili. Akilitaka anagusa mara mbili. Maswali kumi aliyamaliza kwa dakika 14. Alikwama kwenye swali moja tu, na kosa lilikuwa langu: niliweka picha ya jani na kuuliza "sehemu iliyooneshwa kwa mshale inaitwaje?" Simu ilimwambia kuna picha, basi. Siku hizi kila penye picha naandika maelezo yake ndani ya swali lenyewe. Na usisahau spika za masikioni, maana bila hizo darasa zima litasikia anachokichagua.

Kwa wanafunzi viziwi, fomu inakubali video ya YouTube juu ya swali. Mwalimu wa Lugha ya Alama ya Tanzania anaweza kurekodiwa akiliuliza swali kwa ishara. Kazi hiyo ni ndefu, lakini ukiirekodi mara moja unaitumia kila mwaka. Ieleweke kwamba kwa watoto wengi viziwi Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na sentensi yenye "ambacho" mbili na "isipokuwa" moja inawapima sarufi badala ya sayansi.

*Kujibu.* Kuchagua, kuweka alama ya vema, au kuandika. Kuhusu kuandika, tahadhari. Fomu husahihisha jibu fupi kwa kulilinganisha herufi kwa herufi na majibu uliyoyakubali. Mtoto akiandika "usanisinulu" anakosa, na wanaochanganya l na r ni wengi, achilia mbali wale wenye shida ya kudumu ya tahajia. Orodhesha namna zote unazozikubali, au pitia majibu hayo kwa macho yako mwenyewe.

*Faragha.* Hapa imekaa vizuri, ukiwa mwangalifu. Majibu huenda kwa mwalimu peke yake. Usidai barua pepe: watoto wa msingi hawana na hawapaswi kulazimishwa. Tumia namba ya mwanafunzi badala ya majina matatu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa kwamba mtoto fulani ana ulemavu si ya kuachwa kwenye jedwali ambalo kiungo chake kinazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

*Inamfaa* mwalimu mwenye wanafunzi wanaotumia programu za kusoma skrini, au wanaohitaji muda. Kwa darasa kubwa lenye vifaa vichache ni mzigo.

Plickers

Huu ulibuniwa na mwalimu wa hisabati wa California, na unaonekana kweli umetoka darasani. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye umbo jeusi la pekee. Kadi ina pande nne: A, B, C, D. Mwalimu anauliza, mtoto anainua kadi ule upande wa jibu lake ukiwa juu, mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani, na majibu ya wote yanaingia.

*Vifaa na bando.* Simu moja. Mwanafunzi hahitaji kitu zaidi ya kadi, na mtandao unahitajika kwenye simu ya mwalimu tu. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo nyingine ya kadi 63. Darasa langu la 58 linaenea. Ukiwa na 90, wawili wawili watashika kadi moja. Chapisha kwenye karatasi ngumu, na ukizipaka plastiki chagua isiyong'aa, maana plastiki inayong'aa hurudisha mwanga na kamera haioni kitu.

*Muda.* Ni wa mwalimu. Unasubiri kadi ya mwisho ipande, na unaona kwenye simu nani bado.

*Kulipata swali.* Mwalimu analisoma kwa sauti mara mbili, analiandika ubaoni, na mkalimani wa alama akiwepo analitafsiri pale pale. Msomaji wa polepole, asiyeona na mwenye uoni hafifu wote wanalisikia. Kwa yule binti mwenye ualbino nachapisha maswali kwa herufi kubwa, ukubwa wa 24, kwenye karatasi anayoiweka karibu na macho yake.

*Kujibu.* Hapa kuna shimo ambalo sikulitambua mpaka nilipoliangukia. Herufi A, B, C na D kwenye kadi zimechapwa ndogo sana, kwa makusudi, ili jirani asiibie. Mwenye uoni hafifu hazioni. Nilichukua gundi ya mbao, nikadondosha vitone nyuma ya kadi yake kando ya kila upande: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Vilipokauka vikawa vigumu kama punje za mtama. Binti anavipapasa kwa kidole gumba, anageuza kadi, anainua. Kwa asiyeona kabisa inafanya kazi vilevile. Usiguse upande wa mbele, utaiharibia kamera. Mtoto asiyeweza kuinua mkono anaiegemeza kadi kwenye kitabu juu ya dawati, nawe unamfuata.

Upungufu wake ni kwamba hakuna kuandika. Ni maswali ya kuchagua tu, majibu manne basi. Huwezi kupima maelezo wala hatua za hesabu.

*Faragha.* Kila kadi ina umbo tofauti, kwa hiyo A ya Juma haifanani na A ya jirani yake. Ukilinganisha na kunyoosha mikono, ambako nusu ya darasa hutazama mkono wa mwenye akili ndipo wanyooshe, tofauti ni kubwa. Ukiwa na projekta, usioneshe majina pamoja na majibu.

*Unamfaa* mwalimu wa darasa kubwa, shule isiyo na vifaa, anayetaka kujua ndani ya dakika tano kama somo limeeleweka.

Kolibri

Hii imetengenezwa na shirika lisilo la kibiashara la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Imetumika pia katika madarasa ya kambi za wakimbizi za ukanda wetu, Kakuma ya Kenya ikiwemo.

*Vifaa na bando.* Kompyuta moja, hata ya zamani, au kifaa kidogo kama Raspberry Pi, inakuwa ghala. Vishikwambi au kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya hapo hapo darasani. Bando ni la siku ya kupakua maudhui tu. Kazi ni kuisakinisha mara ya kwanza: tafuta mtu wa TEHAMA akae nawe nusu siku.

*Muda.* Mwalimu hufungua jaribio na kulifunga anapotaka. Mtoto anaweza kuliacha na kuliendeleza kesho yake kabla halijafungwa. Kwa mtoto anayechoka haraka, au anayekosa siku kwa ajili ya kliniki, hili halipatikani kirahisi kwingine.

*Kulipata swali.* Vitufe na maelekezo vinaweza kuwa kwa Kiswahili. Maswali yenyewe yanategemea maudhui uliyopakua, na ya Kiingereza ni mengi kuliko ya Kiswahili. Mazoezi ya hisabati yenye michoro yajaribu kwanza mwenyewe kwa programu ya kusoma skrini kabla ya kumpa mtoto asiyeona.

*Kujibu.* Kuchagua, kujaza namba, na mengine kulingana na zoezi. Kutunga maswali yako mwenyewe kunahitaji kupitia Kolibri Studio, ambayo iko mtandaoni, kisha uyalete kwenye kompyuta ya shule.

*Faragha.* Rekodi hukaa kwenye kompyuta ya shule. Na kuna jambo moja nalipenda mno: jaribio linaweza kutolewa kwa darasa zima, kwa kundi, au kwa mtoto mmoja mmoja. Watoto watatu wanaweza kuwa na jaribio lenye maswali machache, kwenye kifaa kilekile, na jirani asijue.

*Inazifaa* shule zenye maabara lakini zisizo na mtandao wa uhakika, na vituo vya watoto wa viwango tofauti.

Lipi kwa hali ipi

Una simu yako tu na watoto zaidi ya 50: anza na Plickers. Tenga jioni moja ya kuchapa na kukata kadi.

Una mwanafunzi asiyeona anayejua kutumia TalkBack au NVDA: mpe maswali kwa Google Forms, hata kama darasa zima linatumia kadi. Maswali yawe yaleyale. Kama hajawahi kutumia programu hizo, siku ya jaribio si siku ya kumfundisha. Mpe nukta nundu au msomee, na mafunzo ya simu yaje wakati wa utulivu.

Una wanafunzi viziwi na mkalimani yupo darasani: Plickers inatosha. Mkalimani akiwa anakuja siku moja kwa wiki, itumie siku hiyo kurekodi video za maswali ya fomu.

Una maabara lakini mtandao ni wa kubahatisha: Kolibri.

Unataka marudio ya kuwachangamsha kabla ya mtihani: Kahoot!, swali dakika moja au zaidi, maksi zimezimwa, na wewe unasoma kila swali kwa sauti kabla ya kuruhusu majibu. Kwenye makundi, kishikwambi kizunguke. Kila swali mkono mpya.

Una wanaosoma kwa shida ambao hawana cheti chochote cha daktari, na hao ndio wengi katika madarasa yetu: kabla ya kuchagua mfumo, pitia maswali yako. Toa "ipi kati ya zifuatazo si", weka "ipi ni". Gawa sentensi ndefu mara mbili. Swali langu la "Ni kipi kati ya vitu vifuatavyo ambacho mmea haukihitaji ili uweze kujitengenezea chakula chake?" sasa linasema: "Mmea hutengeneza chakula. Unahitaji nini?" Majibu manne, moja sahihi.

Na kama una watoto wa aina hizi zote katika chumba kimoja, kama mimi, fanya hivi: Plickers kila Ijumaa kwa darasa lote, pamoja na karatasi ya herufi kubwa na kadi yenye vitone kwa anayehitaji, kisha fomu isiyo na saa mara moja kwa mwezi kwa maksi za rekodi. Umeme ukikatika Ijumaa hiyo, simu iwe imeshachajiwa toka nyumbani, na madirisha ya upande wa jua yafungwe kabla hujaanza kupitisha kamera.